Dakika Kumi na Moja za Muda Mfu

"Kaa kidogo, baba. Chai iko njiani."

Sauti ilikuwa ya Wakio, lakini Wakio mwenyewe hakuwa amefungua kinywa. Alikuwa amesimama stoo, nyuma ya kidirisha cha kioo, akimsikiliza Mrithi akimwambia Mzee Chuluke maneno yake yeye, kwa Kigabra chake yeye chenye lafudhi ya Taita, hata na kile kikohozi chembamba anachotanguliza akitaka kusema jambo kwa upole. Mzee alikuwa amekwisha kupewa dawa yake ya kifua na kuinuka nusu. Aliposikia neno chai aliketi tena, akalaza fimbo sakafuni na kutulia kama mtu aliyefika kwake.

Shida ni kwamba Mrithi ni mashine, hana birika. Ana mikono miwili ya mpira laini inayoweza kumdunga mtoto sindano bila mtoto kushtuka, ana macho matatu ya kioo, na ana pua inayonusa kisukari katika pumzi ya mtu, lakini chai hajui hata inavyochemka. Husema iko njiani kwa sababu kwa miaka mitatu alimsikia Wakio akisema hivyo, na kila aliposema, ilikuja. Basi Wakio akafanya kama kawaida. Akamimina chai ya maziwa ya ngamia kutoka kwenye chupa, akaingia chumbani, akamkabidhi mzee kikombe kwa mikono miwili, akarudi stoo.

"Hicho ndicho ninachokisema, Sista," akasema Bwana Omboga.

Bwana Omboga alikuwa afisa wa Bodi ya Warithi, aliyeletwa na ndege ndogo jana yake. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kitambaa cha kujifutia jasho ambacho vumbi la Elgudo lilikuwa limekigeuza rangi kwa siku moja tu. Alimwonyesha Wakio saa yake.

"Matibabu, dakika nne. Baada ya hapo, dakika kumi na moja za chai. Kwenye vitabu vyetu tunauita muda mfu."

"Msikilize kwanza," Wakio akasema.

Chumbani, Mzee Chuluke alikuwa amefika kikombe cha pili. Alikuwa ameuliza habari za ngamia ambao Mrithi hana, akajibiwa. Ameuliza habari za mvua ya Taita ambayo Mrithi hajaiona, akajibiwa. Sasa alisema, polepole, akitazama ndani ya kikombe, kwamba nyumbani kwake ni nagaa, kwema, mke wake naye ni nagaa, na dawa hizi za kifua wanagawana vizuri kabisa, nusu yake na nusu ya mke, wala hawagombani.

Wakio alifumba macho. Dawa ya kifua kikuu, ya mtu mmoja, watu wawili, kwa mwezi wa nne.

"Amesema nini?" akauliza Bwana Omboga, ambaye Kigabra kwake kilikuwa kelele tupu.

Wakio alimweleza. Afisa akajifuta shingo na kusema kwamba ni kweli, hilo limefaa, hakatai. "Lakini huyu ni mzee mmoja, Sista. Kule Dimtu kituo kimefungwa, hakuna chai wala dawa wala mtu wa kuzigawa."

*

Mtu akitaka kuielewa Elgudo na aanze na salamu. Hapo watu hawasemi hujambo. Husema nagaa, yaani amani, na anayejibu hujibu nagaa, hata kama nyumba yake inaungua. Utaulizwa watoto, nagaa. Ngamia, nagaa. Malisho, nagaa. Kutanguliza baya ni kuifukuza amani kabla haijaketi, na hakuna mtu mwenye adabu zake atakayefanya hivyo. Baya husemwa baadaye, likiwa limefungwa ndani ya neno dogo, lile ambalo sisi Waswahili nasi tunalijua sana: salama, ila. Nzuri tu, ila. Ukiwa na haraka utaondoka na salama yako mkononi, na ile ila itabaki imekaa kwenye kiti.

Wakio hakulijua hilo alipofika, miaka tisa iliyopita, na asisingiziwe busara ambayo hakuwa nayo. Chai hakuianzisha kwa ajili ya tiba. Aliianzisha kwa sababu alikuwa mpweke. Mgonjwa wa mwisho akiondoka, kituo kilibaki na upepo, mawe meusi mpaka upeo wa macho, na yeye. Wenzake wawili aliopangiwa nao waliondoka mwaka wa kwanza, mmoja kwa likizo isiyokwisha, mwingine kwa barua ya daktari aliyemwandikia kwamba mapafu yake hayawezi vumbi. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: wa tatu aliteuliwa, akapokea barua, na mpaka leo hajawahi kuonekana na mtu. Basi Wakio akawa anamzuia kila mgonjwa kidogo. Kaa kidogo, chai iko njiani. Ni baada ya mwaka mzima ndipo alipogundua kwamba magonjwa yote makubwa ya Elgudo yalitoka kwenye kikombe cha pili.

Kisha ukaja Mpango wa Warithi. Wauguzi wa kwenda Kaskazini hawapatikani, ikasema Serikali, basi na tuwazidishe wale waliopo. Mrithi anawekwa karibu na muuguzi miaka mitatu, anamtazama, anamsikiliza, anaurithi mkono wake na ulimi wake. Mwisho wa miaka hiyo anajaribiwa, na akifaulu ananakiliwa. Kwa Wagabra wote alikuwapo muuguzi mmoja tu aliyekijua Kigabra na kuvumilia, na Mrithi wake akipita angepelekwa siku hiyohiyo kwenye vituo arobaini vilivyofungwa, milango ikiwa imeota kutu. Na muuguzi mwenyewe angeachiliwa kwenda zake.

"Kwenda zako, Sista," akasema Bwana Omboga alasiri hiyo, wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa kituo, kila mmoja na kikombe. "Wundanyi, siyo? Nimesikia kuna baridi na ndizi. Una familia huko?"

"Nina binti. Mshai. Ana miaka kumi na mmoja. Anakaa na mdogo wangu, Mghoi."

"Hawajambo?"

"Hawajambo."

Hakumwambia habari ya Jumapili. Alikuwa amepiga simu, Mshai akapokea, wakazungumza shule na mvua, kisha mtoto akachoka na mazungumzo akasema, "Ngoja, nampa mama simu." Akampa Mghoi. Siku zote alikuwa akimwita Mghoi mama mdogo. Neno moja dogo lilikuwa limeanguka mahali fulani katika miaka ile, na hakuna aliyelisikia likianguka. Wakio alimsalimu mdogo wake, akacheka kuhusu kuku waliokula mboga, akakata simu, akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa vimekwisha kuoshwa.

Bwana Omboga alieleza jaribio, na alieleza bila kuficha. Sheria inataka kila Mrithi ahudumie watu arobaini kwa siku, na mwenye chai anahudumia kumi na tisa, basi hapiti. Kwa hiyo wamempogoa. Wamechukua nakala yake, wamekata zile dakika kumi na moja kama mtu anavyokata matawi ya mti wa kahawa, wameacha dawa, vipimo, salamu na kwaheri. Kesho Alhamisi nakala hiyo itafanya kazi peke yake. Wakio atakaa stoo. Haruhusiwi kuingia chumbani wala kuzungumza na mgonjwa yeyote ndani ya ua. Akifanya hivyo, jaribio limebatilika.

"Kwa nini msibadilishe sheria mkaacha chai?"

"Sheria inabadilishwa na Bunge, Sista. Mimi nabadilisha betri." Akacheka mwenyewe, kisha akaacha. "Unamkumbuka yule mama wa Dimtu?"

Wakio alimkumbuka. Talaso. Aliletwa mwezi uliopita juu ya ngamia, siku mbili njiani, mtoto akiwa amekwama, na kituo cha Dimtu kiko hatua hamsini kutoka nyumbani kwake, kimefungwa kwa kufuli. Wakio alimpokea akiwa amekwisha kupoa. Alimwosha kwa mikono yake.

"Huyu wa dakika nne angemwokoa," akasema Bwana Omboga. "Bila chai. Angemwokoa, au hangemwokoa?"

"Angemwokoa," Wakio akasema, kwa sababu ilikuwa kweli.

*

Alhamisi watu walikuja wengi, maana habari ya ndege ilikuwa imefika mpaka malishoni. Mrithi aliyepogolewa alifanya kazi ambayo hata adui yake angeisifu. Alishona mguu wa mchungaji aliyekatwa na jiwe. Alimtoa mtoto punje ya mahindi sikioni. Alimpima mama mmoja damu, akamwandikia dawa ya kuongeza damu, akamwambia kwaheri, yote kabla Wakio hajamaliza kukunja bandeji moja. Sauti ilikuwa ile ile. Kikohozi chembamba tu ndicho hakikuwapo. Nacho kilihesabiwa kuwa muda mfu.

Wakio alikaa kwenye kreti la dawa, magoti pamoja, akajisikiliza akiwa mtu mwenye haraka. Kufika saa sita walikuwa ishirini na watatu. Bwana Omboga alikuwa anatabasamu kwa siri, kama mtu anayeona timu yake ikiongoza na hataki kuitia kisirani. Kufika saa tisa walikuwa thelathini na saba.

Wa thelathini na nane alikuwa Darmi.

Wakio alimjua tangu alipokuwa msichana. Sasa alikuwa mke wa mtu, mimba ya miezi minane mbele yake na mtoto wa miaka miwili ubavuni, macho ya mtoto yamejaa usaha na nzi.

"Nagaa?" akasema Mrithi.

"Nagaa."

"Watoto nagaa?"

"Nagaa. Huyu tu, macho."

"Na wewe mwenyewe nagaa?"

"Nagaa."

Mikono ya mpira ilimsafisha mtoto macho, ikampaka dawa, ikampa mama yake kijibomba cha siku saba. Mrithi akaeleza namna ya kupaka, akaeleza vizuri. "Nenda kwa amani," akamaliza.

Darmi hakuinuka.

Alikaa palepale, mtoto mapajani, akatazama mlango wa stoo. Hakuna mtu Elgudo asiyejua kinachotoka kwenye mlango ule. Alingoja kwa adabu, uso ameuinamisha kidogo, vidole viwili amevibana juu ya nyusi kama mtu anayekinga jua, na chumbani hamkuwa na jua. Wakio aliona ile mikono miwili ya mpira imetulia mezani. Macho matatu yanamwona Darmi, yote matatu, na hayana ruhusa ya kumpima, kwa sababu sheria inamkataza Mrithi kumpima mtu ambaye hajaomba. Siku za mwanzo Mrithi mmoja alimpongeza binti kwa ujauzito mbele ya baba yake, na kesi ile ilipigwa mpaka Mahakama ya Juu. Kwenye vitabu, mgonjwa alikuwa mtoto. Mama alikuwa kiti cha mtoto.

"Wa thelathini na tisa," akaita Mrithi.

Darmi akainuka. Ndipo Wakio alipoona viatu vyake. Vilikuwa makubazi ya matairi, mazima, mikanda yake mipya, na Darmi alikuwa amevishika mkononi.

Wakio naye akainuka.

"Sista," akasema Bwana Omboga, bila kupaza sauti. "Wamebaki wawili."

"Ana viatu mkononi."

"Nini?"

"Mawe ya hapa yanakata nyayo za ngamia. Nani anatembea peku na viatu anavyo? Miguu haiingii. Imevimba. Na kichwa kinamuuma, mtazame."

"Hakusema."

"Alikuwa anangoja kuulizwa."

"Ameulizwa! Nimesikia mwenyewe, nagaa, nagaa, hilo neno hata mimi sasa nalijua." Bwana Omboga alikuwa amesimama mbele ya mlango, si kwa ubabe, kwa wasiwasi tu, kitambaa mkononi. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hatuwezi kumtoa kila mtu maneno kwa koleo. Labda amechoka, labda ni joto. Sista, kuna milango arobaini nyuma ya hawa wawili. Ukitoka hapa, imefungwa. Kuna akina Talaso huko, na huwaoni kwa sababu hawapiti mbele ya dirisha lako. Na wewe mwenyewe, si una mtoto?"

Yote aliyoyasema yalikuwa kweli, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Wakio. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Alimwona Talaso mezani. Alimwona Mshai kwenye simu akigeuza uso na kumwita Mghoi mama. Alitaka kwenda nyumbani. Alitaka hivyo kwa mwili mzima, kama mtu anavyotaka maji, na kupitia dirishani alimwona Darmi akivuka ua, mtoto mgongoni, akikanyaga mawe polepole kwa miguu iliyojaa.

"Nipishe, Bwana Omboga," akasema.

Afisa alimtazama. Kisha akapisha.

Wakio hakukimbia, maana ukimkimbilia mtu Elgudo anajua umeleta msiba. Alitembea haraka akamfikia langoni.

"Darmi. Kaa kidogo."

Darmi alikaa juu ya jiwe hapohapo. Uso wake ulikuwa umevimba pia, kwa karibu ulionekana. Akatabasamu kwa haya.

"Nilifikiri chai imekwisha," akasema.

"Haijaisha. Nagaa?"

"Nagaa, Daktari." Akakiweka chini kile kiatu kimoja, kisha kingine, akavipanga sawasawa. "Nagaa, ila tangu juzi naona nyota mchana."

*

Kifafa cha mimba kilikuwa hatua chache tu nyuma yake. Shinikizo la damu yake lilipopimwa, mshale ulipanda mahali ambapo Wakio alikuwa ameuona mara tatu tu katika maisha yake, na mara mbili kati ya hizo hakupenda kuzikumbuka. Alimlaza kwa ubavu, akamdunga dawa kwenye paja, akazima taa mwanga usimletee kifafa, akamshika mkono. Ndege ya wagonjwa iliitwa. Kabla jua halijatua Darmi alikuwa hewani kuelekea hospitali kubwa, mtoto wake mwenye macho mabovu amebaki na nyanya yake, na Wakio amesimama uwanjani na yale makubazi mkononi, kwa sababu katika haraka yote ile hakuna aliyekumbuka kuyapakia.

Bwana Omboga alimngoja ndani, na fomu mezani.

"Ni mzima?"

"Bado. Lakini watawahi."

"Namshukuru Mungu," akasema, na alimaanisha. Akaisogeza fomu. "Kaa, Sista. Tulimalize."

Fomu ilitaka sababu ya jaribio kubatilika, na ilikuwa na visanduku viwili tu, kwani aliyeitunga hakuwahi kufikiria cha tatu. Kimoja kilisema Kosa la Mrithi. Kingine kilisema Kosa la Muuguzi.

Alimweleza kimoja kimoja. Kosa likiwa la Mrithi, Mrithi anazimwa na kufutwa, nakala na asili, yote ya miaka mitatu. Muuguzi hana lawama. Amemaliza muda wake, anaondoka. Kosa likiwa la muuguzi, Mrithi anabaki kama alivyokuwa, bila kupogolewa, na muuguzi anaongezewa miaka miwili ya kumfundisha upya, kisha wanajaribiwa tena.

"Weka alama hapa juu," akasema Bwana Omboga, kwa sauti ya mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Nimeona mwenyewe. Hakumwona yule mama. Ni kosa lake, wala si uongo. Kesho tunapanda ndege pamoja, Jumamosi uko Wundanyi unakula ndizi."

"Na Elgudo?"

"Itafungwa kwa muda. Mpaka apatikane muuguzi."

"Atapatikana lini?"

Bwana Omboga alitazama kucha zake. "Tangazo la kazi la Dimtu liko ukutani mwaka wa saba," akasema.

Wakio alichukua kalamu. Alikaa nayo muda mrefu hata afisa akaanza kukunja na kukunjua kitambaa chake. Alifikiri habari ya yule anayetakiwa kufutwa. Hakumpenda Mrithi, hakumchukia; ni chombo. Lakini upande wa pili wa ukuta, ndani ya chombo hicho, kulikuwa na miaka mitatu ya vikombe vya pili, kila ila iliyowahi kusemwa kwenye kiti kile, na kama ingefutwa hakuna mahali pengine duniani ambapo ilikuwa imeandikwa, isipokuwa kichwani mwake, na kichwa chake kilitaka kwenda nyumbani.

Ilikuwa kweli pia kwamba aliyefanya kosa si Mrithi. Mrithi alijua kungoja. Waliomkata kungoja ni watu, na watu hawakuwekewa kisanduku.

Akaweka alama kwenye kisanduku cha chini. Kosa la Muuguzi. Akatia sahihi, jina lote, Wakio Mwandoe, kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na masista wa misheni.

"Sista," akasema Bwana Omboga. "Milango arobaini imefungwa. Kwa miaka miwili. Utawabeba watu wake?"

"Nitawabeba. Sijui nitawabebaje." Akaifunika kalamu. "Na wewe wabebe. Usiniachie peke yangu, Bwana Omboga. Huko kwenu kuna watu wanaokwenda Bungeni. Waambie umeona nini kwenye kile kiti."

"Watanicheka. Nitawaambia nini, kwamba tunahitaji chai?"

"Waambie hivyo hivyo. Wakicheka, waambie wakae kidogo."

Bwana Omboga hakucheka. Aliikunja fomu, akaitia mfukoni mwa ndani, mahali watu wanapoweka barua zao wenyewe.

*

Ndege iliondoka Ijumaa mchana. Wakio aliitazama mpaka ikawa inzi, kisha ikawa si kitu. Alasiri walikuja wagonjwa sita tu, na Mrithi, ambaye usiku alirudishiwa dakika zake, aliwahudumia wote kwa kikohozi chake chembamba na uongo wake wa chai. Wakio aliileta kila mara. Wa mwisho alikuwa mke wa Mzee Chuluke, mwanamke wa umbo dogo, mkavu, aliyekuja kuchukua dawa zake mwenyewe, nzima, si nusu. Habari zilikuwa zimefika kwamba Darmi amejifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, wote wako hai. Bikizee alimpa habari hiyo langoni, baada ya kuuliza ngamia.

Kisha akaenda, na upepo ukabaki.

Wakio aliosha vikombe. Alivifuta, akavipanga, akafunga madirisha ya upande wa vumbi. Miaka miwili. Mshai angekuwa na kumi na mitatu, umri ambao hata mama wa kila siku huwa mgeni. Hakuwa amepiga simu kusema. Angeipiga Jumapili, na alijua angelisema jambo hilo baada ya kuku na mboga. Alipita chumba cha wagonjwa akielekea kwenye kijumba chake cha nyuma, mkono tayari kwenye kitasa.

"Kaa kidogo," ikasema sauti yake.

Alisimama. Aligeuka kumtafuta mgonjwa ambaye amemsahau. Kiti kilikuwa kitupu.

"Hakuna mtu," akamwambia Mrithi.

"Chai iko njiani," Mrithi akasema.

Macho yote matatu yalikuwa yanamtazama yeye. Wakio alitaka kucheka. Alirudi stoo, akamimina kilichobaki kwenye chupa, kikombe kimoja, cha uvuguvugu. Akarudi, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa akakaa kwenye kile kiti. Kilikuwa kifupi kuliko alivyodhani. Kutoka pale, mlango wa stoo ulionekana wote.

"Habari za nyumbani?" akauliza Mrithi. Aliuliza kwa Kiswahili.

"Nzuri."

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Hawajambo wote."

Mrithi hakumwambia nenda kwa amani. Mikono yake ya mpira ilitulia mezani, na akanyamaza kama alivyofundishwa kunyamaza. Nje upepo uliburuta kitu cha bati uani. Wakio alikunywa chai yake kidogo kidogo. Alitazama yale makubazi ya matairi, aliyoyapanga karibu na mlango yamngoje mwenyewe. Hakuna aliyekuwa na saa chumbani, kwa hiyo hakuna ajuaye ilikuwa dakika ya ngapi alipokiweka kikombe chini.

"Ila," Wakio akasema.